Somo: Tela inawaka ikipimwa peke yake, ikiungwa kwenye kichwa taa zinagoma

Wiki iliyopita dereva mmoja alishuka hapa Ipogolo, Iringa, saa mbili usiku na tela iliyopanda mlima Kitonga bila taa hata moja nyuma. Kesho yake jioni anatakiwa Tunduma. Alikuwa ameshapita kwa mafundi wawili njiani. Wa kwanza alichukua betri mbili za pembeni, akapima tela, kila taa ikawaka, akamwambia kasoro iko kwenye kichwa, yaani gari linalovuta. Wa pili akachomeka mita kwenye soketi ya kichwa, akaona volti 24 zimejaa kila pini ya taa, akamrudisha kwa yule wa tela. Dereva kabaki katikati kama mpira.

Hakuna aliyemdanganya. Kosa liko kwenye namna ya kupima. Wa kwanza alibana hasi ya betri kwenye chesisi ya tela, hivyo akawa ameitengeneza arthi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) mwenyewe bila kujua. Wa pili aligusisha waya mweusi wa mita kwenye chesisi ya kichwa, kwa hiyo pini 1 ya soketi, ambayo ndiyo ya arthi, hakuigusa kabisa. Wote wameiruka njia ileile: ile ambayo umeme wa tela unapita kurudi kwenye betri.

Na mita nayo ina ujanja wake. Haili umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobaki na uzi mmoja tu ndani bado utasoma 24. Mpe huyo waya globu mbili za breki uone. Globu ya watt 21 kwenye volti 24 inakula karibu ampea 0.9, uzi mmoja wenye kutu hauwezi. Kwa hiyo kwenye somo hili tutapima umeme ukiwa kazini, taa zimewashwa.

Dalili za arthi mbovu zinajulikana. Ukikanyaga breki, taa za pakingi zinafifia au indiketa zote zinamulika kidogo. Ukiwasha indiketa ya kushoto, ya kulia nayo inacheza. Umeme ukinyimwa njia ya kurudi unatafuta ya kuibia, unapita ndani ya globu nyingine kinyumenyume. Ukiona taa za tela zinafanya vituko vya namna hiyo, usifungue swichi ya breki, usinunue rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Nenda kwenye arthi.

Kuna nyingine inawachanganya wengi: taa zinawaka barabara ikinyooka, kwenye kona zinakufa. Hapo waya wa arthi umeshakatika siku nyingi, umeme unarudi kupitia kingpini (pini nene ya tela) na sahani ya kichwa inayoishika, chuma kwa chuma. Grisi ikiingia katikati, chuma hazigusani vizuri. Nimewahi kuona tela iliyoharibika taa siku ileile iliyopakwa grisi mpya, na mwenye gari anaapa kwamba aliyepaka grisi ndiye kaharibu!

Sasa kazi yenyewe. Andaa mita, globu moja ya volti 24 watt 21 iliyofungwa waya mbili ndefu, msasa, brashi ya waya na kipande kirefu cha waya mnene. Weka vizuizi kwenye matairi kwanza, maana utakuwa unaingia chini.

Hatua ya 1. Anza na soketi ya kichwa, plagi ikiwa imetolewa. Kwenye soketi ya kawaida ya pini saba ya volti 24, pini 1 ni arthi (waya mweupe), 2 ni pakingi ya kushoto (mweusi), 3 indiketa ya kushoto (njano), 4 breki (nyekundu), 5 indiketa ya kulia (kijani), 6 pakingi ya kulia na taa ya namba (kahawia), 7 ni ya kudhibiti breki za tela (bluu). Rangi usiziamini sana, gari likishapita kwa mafundi watano kila kitu kinakuwa chekundu. Fuata namba zilizoandikwa kwenye soketi. Shika waya mmoja wa globu kwenye pini 1, mwingine zungusha kwenye 2 mpaka 6 huku utingo akiwasha taa, indiketa na kukanyaga breki. Ikiwaka kwa nguvu zote, kichwa kizima. Ikififia kwenye pini zote, hamisha ule waya wa pini 1 uuguse chesisi safi ya kichwa. Ikichangamka, arthi ya soketi ndiyo mbovu.

Hatua ya 2. Plagi na kebo. Angalia ukungu wa kijani kwenye pini. Zile zilizopasuliwa katikati zikibanana hazigusi vizuri. Zitanue kidogo kwa ncha ya kisu kidogo, taratibu. Kisha unganisha, washa taa zote, ukunje kebo shingoni mwa plagi pande zote mbili. Waya hukatikia hapo mara nyingi, ndani, huku ngozi ya nje ikiwa nzima.

Hatua ya 3. Hii ndiyo iliyofichua kasoro ya yule dereva. Plagi imeunganishwa, taa zote zimewashwa, breki imekanyagwa. Mita iweke volti za DC. Waya mmoja ushike hasi ya betri ya kichwa (hapo ndipo unahitaji ule waya mrefu), mwingine uguse mguu wa arthi wa taa ya nyuma. Njia nzuri itasoma chini ya nusu volti. Ukisoma volti 3 au 5, umempata mwizi. Sogea mbele: kisanduku cha kugawia waya, kisha pini 1 upande wa plagi, kisha pini 1 upande wa soketi. Sehemu ambayo namba inashuka ghafla, kasoro iko kati ya hapo na ulipotoka. Kwake ilisoma karibu 24 kwenye kisanduku na karibu sifuri kwenye plagi. Waya mweupe ulikuwa umeoza ndani ya kebo kuu ya tela.

Hatua ya 4. Vuta waya mpya mnene kuliko wa taa, kwa sababu kila pini inabeba taa zake tu, pini 1 inabeba umeme unaorudi wa taa zote. Chesisi ikwangue mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti, kisha paka grisi juu ya kiungo. Kupaka rangi kwanza halafu kufunga bolti ni kazi bure.

Maswali yenu

Dereva, Morogoro: Shikamoo fundi. Nina Hilux inavuta tela ndogo ya ng'ombe. Nifuate namba hizohizo?
Marahaba. Hapana. Soketi ya pini saba ya volti 12 ina mpangilio wake: arthi ni pini 3, indiketa ni 1 na 4, breki ni 6, pakingi 5 na 7. Hatua ni zilezile, globu yako iwe ya volti 12.

Mmiliki: Kichwa changu ni cha Kimarekani, tela ilikuwa ya kichwa cha Ulaya. Taa zinawaka kama mshumaa.
Arthi haina kosa hapo. Kichwa chako ni volti 12, globu za tela ni 24. Badilisha globu zote, au funga taa za LED zinazokubali volti zote mbili. Ukirudisha tela kwenye kichwa cha 24 ukasahau globu za 12, zitaungua papo hapo.

Utingo wa zamani: Fyuzi ya pakingi inakatika kila tukichomeka plagi. Tumeweka kubwa zaidi.
Itoe leo, kabla waya haujawaka moto. Toa globu zote za pakingi za tela, kisha chomeka ile globu ya watt 21 mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti. Tembea na kebo ukiitikisa, hasa inapopita kwenye matundu ya chesisi. Pale globu inapozima au kufifia ndipo waya umechubuka. Vichwa vipya vinavyokata umeme kwa kompyuta havina fyuzi ya hivyo, hapo chomoa taa mojamoja.

Fundi mwenzangu, Mbeya: Nimefunga LED nyuma, indiketa zinakimbia mbio.
LED zinakula kidogo, kichwa kinadhani globu imeungua. Kuna vichwa vinarekebishwa kwenye programu, vingine vinahitaji rezista (kipande kinachokula umeme kama globu). Rezista inapata moto sana, usiifunge kwenye plastiki.

Dereva, Makambako: Yule jamaa alifika Tunduma?
Alinipigia akiwa hapo kwenu Makambako. Taa zote ziko sawa. Trafiki kamsimamisha kwa sababu ya tairi.