Injini ya boti imezima na haiwaki: anza kwa kuuliza imezimaje

Somo hili linahusu injini za petroli zinazofungwa nyuma ya boti, za mipigo miwili na za mipigo minne. Wenye dizeli nimewajibu mwishoni.

Injini ikizima majini, mkono wa kwanza huenda kwenye kamba au kwenye funguo. Mtu anavuta, anavuta tena, plagi za cheche zinalowa petroli, betri inaishiwa, na lile tatizo dogo la mwanzo linafunikwa na jingine kubwa. Naomba sana tuiache tabia hii. Sekunde za mwisho kabla ya injini kuzima zimeshakwambia uanzie wapi, na ukizikumbuka vizuri umeshamaliza nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Tuliza chombo

Shusha nanga kabla hujafungua kifuniko cha injini. Boti isiyo na injini inasukumwa na upepo na mkondo, tena hugeuka ubavu kwenye mawimbi, na fundi aliyeinama tezi, yaani nyuma ya boti, hana nafasi ya kuyatazama. Kina kikiwa kirefu kuliko kamba ya nanga, funga ndoo imara kwenye kamba ndefu na uitupe kutoka omo, yaani mbele ya boti. Itavuta maji na kuifanya boti iyakabili mawimbi. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha. Ukiona unasogea kuelekea miamba, au giza linakaribia, omba msaada mapema kwa chaneli 16 ya redio ya VHF. Ukishafanikiwa kuwasha, waarifu uliowaita kwamba uko salama.

Hatua ya 2: Imezimaje?

Kama ilikata ghafla, bila kukohoa, shuku umeme: swichi ya kuzimia, fyuzi, waya, au koili inayozalisha umeme wa cheche. Kama ilififia, ikakohoa, ikapanda na kushuka mwendo kabla ya kunyamaza, shuku mafuta. Kama king'ora kililia, nguvu zikapungua na kile kimkondo cha maji kinachotoka ubavuni mwa injini kikakoma, ni joto. Usiiwashe mpaka ipoe. Na kama ilikwama kwa kishindo, tazama propela kwanza, kwa kuwa kamba au wavu huenda umejizungusha humo. Ondoa funguo au kipini cha usalama (kile cha kamba, ambacho kikichomoka injini huzima) kabla ya kupeleka mkono kwenye propela.

Hatua ya 3: Mambo ya dakika moja

Kipini cha kamba ya usalama kimekaa mahali pake? Kikichomoka kidogo tu, injini haitatoa cheche hata ukivuta mpaka jioni. Gia iko nyutro? Kiungio cha bomba la mafuta kimeingia mpaka kikalia, upande wa tangi na upande wa injini? Petroli ipo? Fungua kifuniko utazame kwa macho, maana geji hudanganya.

Hatua ya 4: Njia ya mafuta

Hapa tukae kidogo, kwa sababu injini nyingi zinazokataa kuwaka hukutwa na kasoro hapa.

Anza na tundu la hewa la tangi. Tangi la kubebeka lina skrubu juu ya kifuniko. Wakati wa kusafiri hufungwa, kisha husahaulika. Injini itakwenda vizuri mwanzoni, halafu tangi linakosa hewa ya kujaza nafasi ya petroli iliyotumika, na pampu inashindwa kuvuta. Legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa kuvuma, umempata mhalifu.

Kisha ushike ule mpira wenye umbo la yai ulio katikati ya bomba la mafuta. Uweke wima, mshale ukielekea juu na upande wa injini, uubinye. Usikilize mkono wako:

- Unakuwa mgumu baada ya mibinyo michache: mafuta yanafika kwenye injini. Nenda kwenye plagi.
- Ulikuwa mgumu tangu mbinyo wa kwanza ilhali injini ilizima kwa kufifia: huenda kuna kizuizi mbele yake. Kagua chujio lililo chini ya kifuniko cha injini.
- Haugumu kamwe: hewa inaingia kwenye kiungio au kwenye ufa wa bomba, au vali za ndani ya mpira zimechoka. Ukisikia harufu kali ya petroli, basi inamwagika mahali. Acha kubinya utafute kwanza.
- Umenywea na kubaki bapa: njia imeziba upande wa tangi. Ni tundu la hewa, au kichujio cha mdomo wa bomba la kunyonyea ndani ya tangi.

Lipo tatizo moja linalowachanganya hata mafundi. Bomba la zamani huweza kubanduka utando wake wa ndani. Nje linaonekana zima, lakini injini ikinyonya kwa nguvu utando unajikunja na kuziba njia. Ikizima, utando unarudi mahali pake na kila kitu kinaonekana sawa. Ukishabadilisha chujio na kusafisha tangi na tatizo bado lipo, badilisha bomba zima.

Hatua ya 5: Maji ndani ya petroli

Toa petroli kidogo kutoka kwenye chujio au chini ya tangi, uiweke kwenye chupa inayoonyesha ndani, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utaona mpaka kati ya vitu viwili. Petroli iliyochanganywa ethanoli hunyonya unyevu; ikizidiwa, maji na ethanoli hujitenga pamoja na kushuka chini, pale pale bomba linaponyonya. Mwaga kilichomo kwenye chujio ndani ya chombo, si baharini, kisha ujaze kwa petroli safi. Kama una tangi la pili, hamia hilo.

Hatua ya 6: Plagi na moto

Funga tangi, futa petroli iliyomwagika, acha kifuniko cha injini wazi mvuke utawanyike. Kisha toa plagi uisome. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki, rudi hatua ya 4. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yapo lakini hayajaungua. Ukiona matone ya maji, rudi hatua ya 5.

Kupima cheche: rudisha plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma cha plagi kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na tundu la plagi, uishike kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Usiishike kwa mkono mtupu. Mwenzako avute kamba. Cheche nzuri ni ya buluu na inaonekana wazi. Usizungushe injini huku kofia ikining'inia bila plagi iliyogusa chuma, hasa injini za kisasa, kwani unaweza kuunguza kisanduku cha umeme.

Hakuna cheche kwenye plagi yoyote? Kagua tena swichi ya kuzimia na fyuzi. Silinda moja tu haina? Hamisha plagi kutoka silinda hadi silinda. Tatizo likihama na plagi, plagi imekufa. Likibaki palepale, ni kofia au koili.

Hatua ya 7: Kuwasha upya

Injini ya kabureta iliyozama mafuta huwashwa hivi: ondoa choki, chomoa bomba la mafuta, gia nyutro, fungua mwendo wote, zungusha mpaka ianze kushika. Ikishika, rudisha mwendo chini haraka na uunganishe bomba. Ukitumia stata, usiishikilie mfululizo. Ipe sekunde chache, kisha ipumzike ipoe. Na kila unapojaribu, badilisha kitu kimoja tu, la sivyo hutajua kilichoponya.

Maswali ya wanachama

*Fundi, injini yangu inakwenda kama dakika ishirini, inakata ghafla, ikipoa inawaka kama kawaida. Plagi ni mpya.*

Ndugu, hapo kuna washukiwa wawili, tundu la hewa na koili. Itakapozima tena, papo hapo legeza kifuniko cha tangi na ubinye mpira. Kama mafuta yako sawa, pima cheche injini ikiwa bado ya moto. Koili yenye kasoro hupoteza cheche ikipata joto na kuirudisha ikipoa, ndiyo maana ukiipima asubuhi ikiwa baridi inaonekana nzima.

*Mimi isipobinywa mpira muda wote, inazima. Nifanyeje?*

Pampu ya mafuta ya injini haivuti, aghalabu kwa sababu utando wake umetoboka, au kuna hewa inayopenya kabla ya pampu. Anza na kilicho rahisi: pete za mpira kwenye viungio na vibanio vya bomba. Kwa leo, mtu mmoja abinye taratibu mpaka mfike nchi kavu. Usiitumie hivyo kesho.

*Inawaka vizuri, nikiingiza gia inazima.*

Inua injini utazame propela. Uzi wa kuvulia uliojizungusha kwenye shafti unatosha kuleta shida hiyo. Kama ni safi, mwendo wa chini umerekebishwa chini mno, au vitundu vya mwendo wa chini vya kabureta vimeziba kwa petroli iliyolala.

*King'ora kimelia na maji hayatoki ubavuni. Naweza kuimwagia maji ya bahari ipoe haraka?*

Hapana, kaka, tafadhali usifanye hivyo. Chuma cha moto kikipata baridi ghafla huweza kupasuka au kupinda. Zima, iache ipoe yenyewe, ondoa mfuko wa plastiki au majani kwenye matundu ya kuingizia maji, kisha uzibue kitundu cha ubavuni kwa waya mwembamba. Ukiwasha na maji bado hayatoki, zima tena. Huenda feni ya mpira ya pampu ya maji imekatika, na kuendelea nayo ni kuinoki.

*Na sisi wa dizeli za ndani ya boti?*

Dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo tafuta mafuta na hewa. Hakikisha koki ya tangi iko wazi na chujio halina maji. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya chujio, pampu kwa mkono mpaka itoke dizeli isiyo na mapovu, kaza, kisha urudie kwenye skrubu ya pampu ya nozeli. Usiweke kidole mbele ya mafuta yanayoruka kutoka kwenye bomba la nozeli. Shinikizo lake hupenya ngozi. Jambo jingine: kama ekzosi yako inapozwa kwa maji ya bahari, funga koki ya maji hayo unapozungusha stata kwa muda mrefu, kwa sababu yanarundikana kwenye ekzosi na yanaweza kurudi ndani ya silinda. Injini ikiwaka, ifungue mara moja.