Mbwa wa jirani anakonda kwenye mnyororo: uripoti au usubiri kwanza?

Mwaka huu kuna kipindi nilikuwa naamka saa kumi alfajiri sababu ya sufuria. Mbwa wa ng'ambo ya ukuta alikuwa anailamba tupu, inasukumwa kwenye simenti krrr krrr mpaka inagonga ukuta, alafu anaivuta kwa mguu anaanza tena. Nikakaa wiki mbili na hasira tu, kila siku nasema kesho naenda polisi, na kesho yenyewe haifiki. Hapa kwetu Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala, Uganda, karibu kila geti kubwa lina mbwa nyuma yake, so hii sio shida yangu peke yangu, ndo maana nimeamua kuandika nilivyofanya na ninavyoona wewe ufanye.

Kwanza muache mwenye mbwa, mwangalie mbwa. Hasira inakudanganya, ukimchukia jirani hata mbwa mzima utamuona mgonjwa. Mbwa mwenye afya mbavu zake huzioni ukiwa mbali, ila ukimgusa unazisikia chini ya ngozi. Kama kutoka kwenye balkoni yako unaweza kuzihesabu, na mifupa ya nyonga imetokeza kama hanga ya nguo, huyo ana njaa au anaumwa, na vyote viwili vinataka mtu afanye kitu. Angalia na maji pia. Mbwa wetu wa kienyeji wa kilo 15 mpaka 20 anahitaji kama lita moja kwa siku, na jua likiwa kali anahitaji zaidi. Yule wa jirani alikuwa na jerikeni iliyokatwa nusu, maji yamekuwa kijani na vibuu vya mbu vinacheza ndani. Alafu angalia ardhi: mbwa asiyefunguliwa kabisa anachimba duara kwa miguu, nyasi zimekufa, duara linaishia pale mnyororo wake unapoishia na hakuna nyayo nje yake. Na shingo, sababu kola ya mtoto wa mbwa ikiachwa mpaka amekua inaingia kwenye nyama.

Kitu kimoja usikosee hapa. Vijipu vyenye tundu katikati mara nyingi ni mabuu ya nzi wa maembe, na hao wanampata hata mbwa anayelala kwenye sofa. Kupe wawili watatu pia sio kesi. Kesi ni pale sikio limejaa kupe kama punje za kunde na hakuna mtu ameshughulika.

Sasa nenda uongee na askari anayelinda geti, na sio mchana wakati boss anaweza kuwa anapiga simu. Mimi nilienda jioni na chai. "Mzee, habari ya kazi, huyu mbwa anakula saa ngapi?" Akacheka kicheko cha uchovu. "Mwanangu, mimi mwenyewe mwezi wa pili huu sijalipwa." Mwenye nyumba yuko kyeyo, yani kibarua cha nje, huko Dubai, hela ya posho (ugali) na mukene (dagaa) ya mbwa anamtumia mpwa wake kwa simu, na mpwa naye ana mambo yake. Mzee alikuwa anamgawia mbwa nusu ya posho yake mwenyewe. Yani ningekimbilia polisi siku ya kwanza, mtu ambaye angeshikwa pale getini ni yule mmoja tu aliyekuwa anamlisha. Kwa hiyo jua hela ya chakula inakatikia wapi kabla hujataja jina la mtu yeyote.

Na tafadhali usirushe nyama juu ya ukuta usiku. Najua roho inauma, lakini ndivyo wezi wanavyofanya hapa, wanarusha nyama yenye sumu alafu wanarudi saa nane. Ukionekana, wewe ndo utapigiwa kelele ya mwizi. Mbwa akifa kesho yake kwa sababu yoyote ile, wewe ndo uliyemlisha. Kama unataka kusaidia mpe askari mkononi, kidogo kidogo, sababu tumbo lililokaa na njaa muda mrefu halibebi bakuli zima.

Ukishajua hayo, uamuzi unakuwa rahisi kidogo. Hasimami tena, ana kidonda chenye funza, kola imeingia kwenye ngozi, au nyumba imefungwa watu wamehama na yeye ameachwa: ripoti leo, usikae kumbembeleza mtu. Amekonda lakini anabweka, anatembea, kuna mtu pale ndani: toa siku tatu au nne, sio mwezi, na umwambie mwenye mbwa kabisa kwamba unahesabu. Kama ni mbwa anabweka tu usiku na banda lake ni baya kwa macho yako, hiyo ni kero ya majirani, usiivishe nguo ya ukatili.

Kuna hali moja haina siku tatu. Mbwa amebadilika ghafla, mate yanamtoka, taya limelegea, sauti imekuwa ya ajabu, anauma hata mawe: hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usisogee, zuia watoto, piga simu kwa afisa mifugo na chamani (mwenyekiti wa LC1, yani serikali ya mtaa) hapo hapo. Akishamuuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, alafu hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe, sababu dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Mahali pa kuripoti. Anza na mwenyekiti wa LC1, sio kwa sababu ana nguvu sana, ila anamjua mwenye nyumba na ana namba yake. Pili ni afisa mifugo. Hapa watu wanakosea, wanakimbilia KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, wakati Kyaliwajjala ni Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso, faili lako litazunguka bure. Polisi nao wana uwezo, Uganda ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu zamani na haihusu kupiga tu. Ila ukifika kaunta usiseme "afande, kuna mbwa namwonea huruma", sema "afande, nimekuja kuripoti mnyama anateswa, nina picha", uombe iandikwe kwenye kitabu na upewe namba ya rejea. Kuna pia Uganda SPCA, shirika la kutetea wanyama, ambao wana kituo chao cha kuokoa mbwa na paka, ila wanajaa, usitegemee gari lifike leo. Na kama mbwa ni wa kampuni ya ulinzi, soma jina kwenye yunifomu ya askari uanze na msimamizi wao, sababu kampuni hizo zinapata leseni kupitia polisi na haziogopi jirani ila zinaogopa barua.

Sehemu ambayo naona ni muhimu kuliko zote ni maneno utakayotumia. Ukiandika "mbwa hatari, anasumbua mtaa", kuna sehemu nyingi ambapo jibu la haraka ni sumu, na utakuwa umemuua wewe. Andika njaa, maji, kidonda, mnyororo, na tarehe. Andika unachotaka: alishwe, atibiwe, au achukuliwe na watu wa kumtunza. Na uulize kabisa, akitolewa hapo anapelekwa wapi? Wakikosa jibu, usisukume sana mpaka umepata mtu wa kumpokea.

Picha piga ukiwa kwako au barabarani, usiruke ukuta wala kuingiza mkono getini. Piga saa ile ile siku nne mfululizo, bakuli lionekane. Picha moja watasema alikuwa amemaliza kula. Mimi nilikuwa na picha tano za jerikeni ile ile, maji ya kijani yale yale yanapungua, hakuna aliyebisha.

Kwangu hatukufika polisi. Chamani alimpigia mwenye nyumba video ya WhatsApp akiwa amesimama mbele ya banda, akageuza kamera kwa mbwa bila kusema kitu. Mama wa watu kule Dubai akanyamaza kama dakika nzima, alafu akaanza kumtafuta mpwa. Siku hizi hela inaingia kwenye simu ya mzee askari moja kwa moja kila Jumamosi, na mbavu zimeanza kufunikwa. Mnyororo ndo bado, ule ule mfupi, tuliahidiwa waya mrefu wa kumtembeza na haujaja. Nimempa chamani mpaka mwisho wa wiki, na barua ya afisa mifugo nimeshaiandika, bado tarehe tu.