SOMO: Kinga ya mwili kwa chakula hiki hiki cha kila siku (soma mpaka mwisho kabla hujaniuliza)

Wakuu salaam. Inboksi yangu swali ni moja tu, "nile nini kinga ipande?", nimechoka kuandika jibu lile lile kwa hiyo naliweka hapa, atakayeuliza tena namrudisha hapa hapa.

Kwanza tuelewane. Hakuna chakula kinachokufanya usiugue, na kinga sio kitu cha kupandisha tu mpaka basi, ikichachamaa kupita kiasi ndo hizo aleji mnazolalamikia. Chakula kazi yake ni mwili usipungukiwe vitu vya kutengenezea askari wake.

1. Protini kila siku. Maharage, mayai, samaki, nyama, karanga, ulichonacho. Antibodi, zile silaha za mwili za kushika vijidudu, zenyewe ni protini.

2. Matunda, yaliwe mazima sio juisi. Watu wanang'ang'ania chungwa wakati pera linalizidi kwa vitamini C mara tatu na zaidi, na hoho nyekundu nayo inalizidi. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 75 mpaka 90 kwa siku, tunda moja au mawili umemaliza.

3. Mboga za majani. Hapa ndo nilipoharibu, tena kwa miaka. Nilikuwa nakata mboga nyembamba kama uzi, naziloweka kwenye beseni, nachemsha nusu saa, nachuja, namwaga maji halafu ndo nazikaanga. Siku moja nikayaangalia yale maji yanavyoishia kwenye sinki, kijani kibichi kabisa, nikarudi kuangalia sufuria nakuta manyuzi ya rangi ya udongo, nikajiambia wewe chakula umekimwaga unakula makapi. Vitamini C na foleti (vitamini B9) zinayeyuka kwenye maji, na moto mrefu unazimalizia. Kwa hiyo OSHA KWANZA ndo ukate. Maji kidogo tu, funika, dakika tatu mpaka tano, ipua zikiwa bado kijani. Maji yakibaki tia kwenye mchuzi.
TAHADHARI: usitie magadi ili zilainike haraka, yanaharibu vitamini C na B1.
TAHADHARI ya pili: haya sio ya majani yote. Ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi, hayo twanga na uchemshe sana, usije ukasema mimi nilikwambia dakika tano.

4. Mafuta kidogo. Vitamini A ya karoti, boga na majani haifyonzwi vizuri bila mafuta. Kijiko kinatosha, chakula kisiogelee.

5. Maharage loweka usiku kucha, maji yale mwaga, pika kwa maji mapya na yachemke kwelikweli. Kuloweka kunapunguza vile vitu vinavyozuia zinki na madini ya chuma kufyonzwa.

6. Mtindi usio na sukari, na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Sehemu kubwa ya askari wa kinga wanakaa kwenye utumbo, kwa hiyo na wadudu wazuri (bakteria) wa huko nao wapate chakula.

7. Vitamini D kwenye chakula ni chache, iko kwa samaki wenye mafuta na kiini cha yai. Nyingine toka nje upate jua.

8. Lala. Chanja. Najua sio chakula.

MASWALI

Mzee wa Fasta: Ndefu mno mkuu. Nikitwanga kitunguu saumu, tangawizi na limao nikanywa asubuhi si inatosha?

Jibu: Haitoshi.

Mzee wa Fasta: Mbona kuna jamaa anasema inaua virusi vyote?

Jibu: Muulize huyo jamaa. Mimi niliinywa tumbo tupu siku nne, ya tano nilishinda kitandani nimejikunja nimeshika tumbo.

Mama Mapacha: Samahani kaka, mimi maharage nashushia na chai kila siku na juzi nimepimwa naambiwa damu ndogo. Kuna uhusiano?

Jibu: Swali zuri sana dada. Upo. Chai ina tanini, inashikana na madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga, mwili unapata kidogo sana. Isogeze chai, kama saa moja hivi mbali na chakula, na kwenye sahani weka kitu chenye vitamini C, nyanya mbichi, limao, pera, hiyo inasaidia chuma kuingia. Ini pia lina chuma nyingi ila kama una ujauzito liepuke, vitamini A yake inazidi. Halafu usiishie kwenye sahani, rudi kwa dokta atafute damu inapungulia wapi.

Kidume: vidonge vya C vya 1000 naweza meza vinne kwa siku?

Jibu: Ukishavimeza kaa karibu na choo. Mwisho ni miligramu 2,000 kwa siku, ukizidisha ni kuharisha na hata mawe ya figo. Na namba 2 hukusoma.

Kidume: nimesoma bana

Jibu: Sawa.

Binti Mkubwa: Baba anatumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, hizi mboga nimuongezee?

Jibu: Umefanya vizuri kuuliza kabla. Usimuongezee ghafla, vitamini K ya kwenye majani inapingana na hiyo dawa. Ale kiasi kile kile alichozoea, na ukitaka kubadilisha waambie kwanza wanaompima damu.

Mpishi Mvivu: Naongezea, kitunguu saumu kiponde kiache dakika kumi ndo ukitie kwenye moto, ile kemikali yake inajitengeneza kikishapondwa. Na mboga zifunge na kitambaa kikavu kwenye friji, zinadumu.

Jibu: Hiyo ya dakika kumi kweli kabisa, nilisahau kuiweka. Na kumenya, kigandamize na ubapa wa kisu, ganda linaachia lenyewe.

Mzee wa Fasta: Kwa hiyo kitunguu saumu kinafaa!

Jibu: Kwenye sufuria mzee. Kwenye sufuria.