Unataka kulipia chuo cha binafsi hapa Dodoma? Dai karatasi kwanza

Nina steshenari Majengo, na kila matokeo ya fomu foo yakitoka benchi la nje linajaa watoto wa Kongwa, Mpwapwa, Bahi mpaka Manyoni, kila mmoja kashika kikaratasi cha namba yake ya mtihani anataka kufanyiwa aplikesheni. Nusu yao wanakuja wameshaongea na "afisa udahili" kwenye simu, na huyo afisa mara nyingi ni ajenti tu analipwa kwa kichwa, atakwambia zimebaki nafasi mbili, tuma laki ya kushikia nafasi leo leo. Usitume.

Karatasi ya kwanza wala huiombi chuoni. NACTVET (zamani ndo NACTE), baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, wanatoa gaidibuku ya udahili, ni PDF ya bure kwenye tovuti yao, ipakue ya mwaka huu alafu tafuta jina la chuo. Utakuta namba ya usajili, hali ya usajili, wilaya kilipo, kozi moja moja na sifa za kujiunga, muda wa kozi, idadi ya wanafunzi wanaoruhusiwa na ada. Hapo kwenye wilaya watu wanaparuka, na ndo pameniumiza mimi. Mtoto wa dada yangu tulimpeleka chuo kimoja hapa mjini, ofisini cheti cha usajili kinaning'inia ukutani kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, nikakitazama kwa mbali nikaridhika. Kumbe kilikuwa cha kampasi ya mkoa mwingine! Ya hapa ilikuwa bado haijasajiliwa, na kampasi inasajiliwa yenyewe kama yenyewe, haiazimi cheti cha mwenzake. Ulipofika wakati wa mitihani jina la binti halipo kwenye mfumo na sisi tulishatoa laki sita na nusu. Kwahiyo we kisogelee kile cheti, soma jina la kampasi, soma tarehe, piga picha. Wakikukatalia picha, aga uondoke.

Cha ziada, kusajiliwa kwa chuo ni kitu kimoja na ithibati (kuthibitishwa ubora) ni kingine, uliza vyote viwili, na uliza kuhusu kozi yako hasa sio chuo kwa ujumla.

Kwenye sifa usidanganywe na "tutakupitisha". Mfano utabibu, unatakiwa ufaulu masomo manne yasiyo ya dini na ndani yake iwemo kemia, baiolojia na fizikia. Sasa mtoto ana F ya fizikia, ajenti anasema njoo tu tutajua mbele ya safari. Majina ya waliochaguliwa yanapelekwa NACTVET yakahakikiwe, na hapo ndo atakwama akiwa ameshalipa ada na godoro ameshanunua. Idadi nayo ni hivyo hivyo, gaidibuku imeandika hamsini na darasani mpo mia na kitu, jiulize hao wa juu wako kwenye hesabu ya nani.

Ada sasa. Bango la barabarani linaandika ada peke yake, na ada peke yake haimalizi. Omba joining instrakshen (karatasi ya maelekezo ya kujiunga) kabla ya kulipa chochote, kaa chini na peni ujumlishe mwenyewe: usajili, mitihani ya ndani, mitihani ya wizara kwa vyuo vya afya, sare, hosteli, fildi, kitambulisho, na ule "mchango wa maendeleo" ambao sijawahi kuona maendeleo yake. Bima ya NHIF ya mwanafunzi imezoeleka 50,400 kwa mwaka, ukiona wameandika laki uliza hiyo nyingine ni ya nini. Na uliza ada ya mwaka wa pili na wa tatu, wengi wanashusha ya kwanza ili uingie. Fildi uliza ni hospitali gani kwa jina, na nani anailipa hiyo hospitali.

Kuna siku namtafutia mteja chuo cha nje nikakuta habari ya California, Marekani. Kule vyuo vingi vya binafsi vinabanwa na sheria ya 2009, kabla hujasaini lazima wakupe karatasi yenye namba: waliomaliza kwa wakati wangapi, waliopata kazi wangapi, mtihani wa leseni wamefaulu wangapi, na mishahara. Na ukibadili mawazo siku za mwanzo unarudishiwa hela yako wakikata kiasi kidogo tu. Nikasema kumbe inawezekana. Hapa kwetu waulize maswali hayo hayo kwa mdomo, walioanza wangapi, waliomaliza wangapi, wangapi wana leseni ya Baraza la Uuguzi au la Famasi. Chuo kizuri kitakujibu, kibovu kitakuonyesha picha za mahafali.

Uliza pia ukiacha kabla ya masomo kuanza unarudishiwa shilingi ngapi, iandikwe. Cheti halisi cha NECTA usiache popote, wape kopi. Lipa benki kwenye akaunti ya jina la chuo, kamwe sio namba ya simu ya mtu.

Ukishadanganywa, NACTVET wapo hapa hapa Dodoma, peleka barua na risiti zako. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, hiyo ni ya FCC (Tume ya Ushindani), na chuo kinachouza kozi nacho ni biashara jamani.

Yote waliyokuahidi waandike, wagonge muhuri. Wakisema mwenye muhuri katoka, msubiri. Mzazi mmoja wa Kibaigwa alisubiri kwenye benchi langu mpaka saa kumi jioni, karatasi ikarudi na muhuri wake, na mchango wa maendeleo wa laki mbili umekatwa kwa peni.