Kadiria mwisho wa hesabu, si njiani

Chukua tangi la duara la kuwekea maji ya mvua katika nyumba ya Lamu. Pima kipenyo cha ndani, unene wa ukuta usiingie. Tuseme umepata mita 1.75, na kina cha maji ni mita 1.40.

Nusu kipenyo ni 0.875. Wengi huharibu hesabu papa hapa kwa kuandika 0.9 ili kazi iwe nyepesi. Nusu kipenyo huzidishwa kwa chenyewe, kwa hivyo kosa lake nalo hukaribia kuwa maradufu. 0.9 × 0.9 × 3.14 × 1.40 hutoa mita za ujazo 3.561, yaani lita 3,561. Ukiiacha 0.875 ilivyo na kutumia 3.1416, unapata lita 3,367. Zile lita 194 za ziada, karibu madumu kumi ya lita 20, hazimo tangini. Anayetia klorini kwa hesabu hiyo atazidisha dawa.

Pai, ile namba ya duara inayoandikwa 3.14 au 3.1416, haina lawama kubwa: kwa 3.14 jibu ni lita 3,366, kwa 22/7 ni 3,369. Linda nusu kipenyo kwanza.

Basi acha tarakimu zote ndani ya kikokotoo mpaka hatua ya mwisho, halafu utazame tepu yako. Ikiwa umesoma hadi sentimita nzima, kila kipimo chaweza kukosea nusu sentimita juu au chini. Kwa tangi hili, makosa yote mawili yakielekea upande mmoja, hufika kama lita 31. Kwa hivyo andika "karibu lita 3,370". Kuandika 3,367.4 ni kudai usahihi ambao tepu haikuutoa.

Usikadirie mara mbili pia. 2.449 kwa nafasi moja ya desimali ni 2.4, ukipitia 2.45 kwanza, utaishia 2.5.

Kwa vitu vya kuhesabu, kanuni ya tano kwenda juu haitoshi. Iulize kazi yenyewe. Dari ya chumba cha mita 4.10, boriti zisiachane zaidi ya sentimita 30 kutoka kati hadi kati: 4.10 ÷ 0.30 ni 13.67. Nafasi ziwe 14, na hata ingetoka 13.1 bado zingekuwa 14, maana 13 zingepita sentimita 30. Nafasi 14 kati ya kuta mbili huhitaji boriti 13. Sasa gawanya upya, 4.10 ÷ 14, upate sentimita 29.3, na alama zote uzipime kutoka ukuta mmoja. Ukipima kutoka boriti hadi boriti kwa 29, ile 0.3 iliyoachwa hujilimbikiza, na nafasi ya mwisho itakuwa sentimita 33.