Likizo Lisbon kwa Mtu wa Pwani: Pa Kutembelea na Pa Kula

Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi Ulaya, ambao nauli ya kwenda nyumbani haiwaruhusu kuiona bahari kila mwaka, Lisbon ni chaguo jema kwa likizo ya siku nne au tano. Mji huu mkuu wa Ureno umejengwa juu ya vilima kando ya mto Tejo, karibu na pale unapomwaga maji yake katika Atlantiki, na historia yake imefungamana na ya Kilwa, Mombasa na Malindi kuliko ya mji mkuu mwingine wowote wa Ulaya. Ndiyo maana napendekeza mtu wa kwetu aipange ziara yake tofauti na watalii wengine.

Kwanza hati. Ureno imo katika eneo la Schengen, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anayeishi Ujerumani, Sweden au nchi nyingine ya eneo hilo kwa kibali halali cha ukaazi anaweza kukaa huko hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180 bila kuomba viza, mradi awe na pasipoti pamoja na kadi yake ya ukaazi. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti hizo hana nafuu hiyo. Ni lazima aombe viza, na aombe mapema, kwa kuwa nafasi za miadi huadimika kiangazi kinapokaribia. Katika bajeti aongeze kodi ya utalii ya jiji, ambayo tangu Septemba 2024 ni euro 4 kwa kila mtu kwa usiku mmoja, hadi usiku wa saba, na watoto walio chini ya miaka 13 hawatozwi. Viatu viwe vya soli isiyoteleza, maana njia za miguu zimetandazwa vijiwe laini ambavyo mvua ikinyesha huwa hatari kwa wazee.

Watalii wengi huanza na tramu namba 28. Mimi ningeanza na Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la makumbusho ya sanaa za kale, katika mtaa wa Janelas Verdes. Humo mna monstransi ya Belém, chombo cha dhahabu ambamo Wakatoliki huweka Ekaristi ili waumini waiabudu, kilichokamilishwa mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel I. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Vasco da Gama alipofika huko mwaka 1502, katika safari yake ya pili, alimshurutisha mtawala wa mji kumlipa kodi mfalme wa Ureno, na dhahabu hiyo, ambayo wafanyabiashara wa Kilwa waliipata kupitia Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, ikapelekwa Lisbon na kufuliwa. Kodi haikuinusuru Kilwa: mwaka 1505 kamanda wa Kireno Francisco de Almeida aliuvamia mji huo, kisha akaiteketeza Mombasa. Kazi ya sonara ni ya ajabu, hilo halina ubishi, lakini sijui ni Mswahili gani atakayekitazama chombo hicho akavutiwa na ufundi peke yake.

Kutoka hapo, tramu namba 15 inakwenda hadi mtaa wa Belém. Katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake uligharimiwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, limo kaburi la da Gama, aliyefariki Kochi nchini India mwaka 1524. Aliyewahi kuiona nguzo yake kule Malindi atakuwa ameziona ncha zote mbili za safari ile. Mnara wa wavumbuzi ulio kando ya mto, uliojengwa kwa zege mwaka 1960, umechongwa watu ambao karibu wote ni Wareno; rubani aliyewaongoza kutoka Malindi hadi India hayumo. Majumba mengi ya makumbusho hufungwa Jumatatu, na baadhi ya majengo ya kale hufungwa kwa miezi mingi yakikarabatiwa, hivyo angalia tovuti ya kila mahali kabla ya kununua tiketi.

Mtaa wa Alfama, uliosalimika kwa kiasi kikubwa katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, utembelee asubuhi na mapema kwa miguu. Vichochoro vyake vyembamba havitamshangaza mtu wa Lamu. Tramu namba 28 hupita huko, lakini hujaa mno, na wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko watalii.

Sasa chakula. Mlo wenye nafuu zaidi ni wa mchana, katika mikahawa midogo inayoandika prato do dia ubaoni, yaani chakula cha siku. Ukikaa tu, mhudumu ataleta mkate, zeituni na jibini ambazo hukuziagiza. Hizo si zawadi, zitaingia kwenye hesabu ukizigusa, basi kama huzitaki zirudishe kwa adabu. Vivyo hivyo, samaki na kamba wakubwa mara nyingi huuzwa kwa kilo, na bei iliyoandikwa si ya sahani. Uliza uzito kabla hawajapikwa.

Mla samaki hatajuta. Pweza huchemshwa, kisha akaokwa kwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, na huwa laini kabisa. Bacalhau ni samaki wa chumvi, ndugu wa ng'onda, na kwa anayeanza napendekeza à Brás, ambapo huchambuliwa na kuchanganywa na mayai na viazi vilivyokatwa nyembamba. Mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, dagaa wakubwa wa sardinha huchomwa mitaani. Migahawa ya Msumbiji hupika matapa, ambayo ni kisamvu cha nazi na karanga, na ya Wagoa, watu wa Goa nchini India, hupika mchuzi wa kamba wa nazi.

Waislamu wawe makini: hata supu ya caldo verde huwekwa soseji ya nguruwe, kome hupikwa kwa mvinyo mweupe, na maandazi mengine hutiwa mafuta ya nguruwe, yaitwayo banha. Nyama halali hupatikana kwa urahisi katika eneo la Martim Moniz na mtaa wa Benformoso, kwenye migahawa mingi ya Wabangladeshi. Msikiti Mkuu, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na Praça de Espanha, na wengi wa waanzilishi wa jumuiya yake walitoka Msumbiji. Waismailia nao wana kituo chao kikubwa mjini humo.

Jioni moja iachie feri ya Cacilhas. Huondoka Cais do Sodré, huvuka mto kwa muda wa kama dakika kumi, na hulipiwa kwa kadi ileile ya navegante utumiayo kwenye metro. Ng'ambo hiyo kuna migahawa ya samaki inayoutazama mji mzima, na meza za nje ni za kuweka nafasi mapema, hasa Ijumaa na Jumamosi.