Kusaka Mawazo Mapya Ukiwa Peke Yako

Tumezoea kuamini kwamba tatizo gumu linahitaji kikao, na kwamba mtu anayejifungia peke yake na karatasi yake amekosa tu watu wa kumsaidia. Imani hiyo ilipata nguvu kupitia Alex Osborn, mtaalamu wa matangazo ya biashara wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1940 na 1950 alieneza utaratibu wa kundi kukaa pamoja na kumwaga mawazo mengi bila kukosoana. Hata hivyo, mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha makundi ya watu wanne na watu wengine wanne wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, ambao majibu yao yalijumlishwa baadaye na yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja. Waliofanya kazi peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Sababu mojawapo, ambayo Michael Diehl na Wolfgang Stroebe waliionyesha mwaka 1987, ni kwamba kikaoni huzungumza mtu mmoja kwa wakati, na wengine wakingoja zamu yao wazo huwatoka au huamua kuliacha.

Kwa hiyo anayefikiri peke yake hajapungukiwa sana. Yako mambo mawili ambayo kundi linayo na yeye hana: mtu wa kumsukuma anapochoka, na mtu wa kulitazama jambo kutoka upande mwingine. Utaratibu ninaoueleza hapa unakusudia kuziba mapengo hayo mawili, na nitaupitisha kwenye tatizo moja la kila siku, la mwenye genge la mboga ambaye nyanya zake huoza kabla hazijauzwa.

Anza kwa kuliandika tatizo kwa kalamu, hata kama unadhani unalijua vizuri. Sentensi "nyanya zinaoza" ni malalamiko, na malalamiko hayana pa kushikia. Yageuze kuwa swali, kisha uliandike swali hilo upya kwa namna tano au sita zilizo tofauti kweli. Nifanye nini nyanya zikae siku mbili zaidi? Nifanye nini ziishe kabla ya jioni? Nani anahitaji nyanya zilizoiva kupita kiasi? Je, ni lazima ninunue tenga zima kwa mara moja? Ona kwamba swali la kwanza linakupeleka kwenye kuhifadhi, la pili kwenye kuuza, la tatu kwenye kutafuta mteja wa aina nyingine, na la nne kwenye namna ya kununua. Mtu aliyeshika swali la kwanza peke yake angetumia usiku kucha akiwaza jokofu ambalo hawezi kulinunua.

Uzito wa swali unaonekana vizuri nchini Kenya, kwenye mashamba yaliyo jirani na mbuga. Kwa muda mrefu wakulima waliuliza jinsi ya kujenga uzio wenye nguvu ya kumzuia tembo. Mtafiti Lucy King na wenzake walishika swali jingine, la kitu ambacho tembo mwenyewe anakiogopa, nacho ni nyuki. Wakaning'iniza mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Uzio huo si imara hata kidogo, lakini tembo wengi hugeuka, na mkulima hupata asali pia.

Swali likishapatikana, jiwekee muda, tuseme nusu saa, na idadi, tuseme mawazo thelathini. Idadi ndiyo itakayokusukuma badala ya wenzako. Andika kila kinachokuja kwa maneno machache, pamoja na kinachoonekana cha kipuuzi, wala usirudi nyuma kusoma ulichoandika. Kazi ya kuzalisha mawazo na kazi ya kuyapima haziendi pamoja. Ukizichanganya, ile ya kupima hushinda, na karatasi hubaki na mambo uliyoyajua tangu mwanzo.

Yumkini baada ya wazo la kumi utahisi umefika mwisho. Hapa naomba uwe mkaidi. Mwaka 2020 Brian Lucas na Loran Nordgren, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba watu hutarajia ubunifu wao upungue kadiri wanavyoendelea kufikiri, ilhali kwa kweli hubaki palepale au hata hupanda. Mawazo ya mwanzo huja upesi kwa sababu ndiyo yaliyo karibu, na kila mwenye genge pale sokoni anayo hayohayo: kupunguza bei, kuweka kivulini, kununua kidogo. Yaandike ili yakuondokee, kisha endelea.

Ukikwama kweli, ligeuze tatizo kichwa chini. Kati ya mbinu zote hii ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa kuwa akili zetu ni hodari mno wa kutaja namna za kuharibu. Uliza: ningetaka nyanya hizi zioze zote kufikia kesho, ningefanya nini? Ningezirundika ili za juu ziziponde za chini. Ningezianika juani. Ningezimwagia maji na kuziacha na unyevu. Ningechanganya zilizoiva na ambazo hazijaiva, maana nyanya iliyoiva hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha nyingine kuiva. Ningeiacha iliyopasuka katikati ya nzima. Ningenunua tenga lililoiva lote kwa pamoja. Sasa pitia orodha hiyo mstari kwa mstari na uandike kinyume cha kila jambo, nawe utakuta umepata mapendekezo sita, na huenda ukagundua kwa mshtuko kwamba mawili kati ya hayo ya kuharibu unayafanya kila siku.

Ili kuziba pengo la pili, la macho ya mtu mwingine, chagua watu wanaoligusa tatizo lako na uandike ambacho kila mmoja angekisema. Mama lishe angesema kwamba yeye hahitaji nyanya ngumu, bali laini za kupika mchuzi jioni, na angependa aletewe pale anapopikia. Mkulima angesema anaweza kukuchumia nusu zikiwa zimeiva na nusu zikiwa zinaanza tu kubadilika rangi. Dereva wa bodaboda angezungumzia barabara mbovu na namna tenga linavyofungwa.

Njia nyingine ni kuunganisha au kuazima kutoka kazi isiyohusiana na yako. Jiko la udongo lenye ganda la bati, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, lilitokana na kuchanganya jiko la bati la kienyeji na wazo la jiko la udongo kutoka Thailand. Mjini Morogoro, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye likawafunza kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mwanzilishi wake, Mbelgiji Bart Weetjens, alikuwa amefuga panya utotoni. Jiulize basi ni kitu gani unachokijua kutoka maisha yako mengine ambacho hakijawahi kuingizwa kwenye genge.

Muda ukiisha, ondoka mezani. Kutembea kunasaidia, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu hutoa mawazo mapya zaidi wakitembea kuliko wakiwa wamekaa. Beba kipande cha karatasi, au jirekodi kwenye simu.

Upimaji ufanywe kesho yake. Soma orodha yote, uunganishe mawazo yanayosaidiana, kisha mbele ya kila moja uandike gharama yake, muda wake, na kama liko ndani ya uwezo wako mwenyewe. Usilifute haraka wazo la ajabu. Uliza kwanza ni sehemu gani yake inayofaa. Chagua mawili au matatu, na sasa ndipo umwonyeshe mtu unayemwamini, hasa kama jambo linagusa fedha ya familia au linahitaji utaalamu usio nao.

Jaribu wazo moja kwa wakati, na kwa kiwango kidogo. Mwenye genge anaweza kuligawa tenga moja: nusu azitandaze safu moja, nusu nyingine aziweke kama alivyozoea, kisha kila asubuhi ahesabu zilizoharibika upande huu na upande ule. Akianza siku hiyohiyo kumpelekea mama lishe na kubadili mkulima, hasara ikipungua hatajua imepunguzwa na nini. Wazo likishindwa, aandike pembeni yake kilicholiangusha, na achukue linalofuata kwenye karatasi ileile.